Shirika linataka majina ya watu niliowahoji. Niyatoe?

Ndugu washauri, salaam.

Nasoma shahada ya uzamili katika masomo ya amani, na utafiti wangu unahusu migogoro ya wakulima na wafugaji katika wilaya moja ya Mkoa wa Morogoro. Sikuwa na fedha za kukaa kijijini, hivyo nilikubali kazi ya muda katika shirika linalofanya usuluhishi hukohuko. Wao wangegharamia usafiri na malazi, nami ningewaandikia ripoti ya hali ilivyo. Mkataba wetu ni wa ukurasa mmoja na hausemi lolote kuhusu rekodi.

Nimehoji watu thelathini na kidogo, wa pande zote mbili. Wote niliwaambia ni utafiti wa chuo na kwamba hakuna mtu yeyote atakayejua walichosema. Wengi walikubali niwarekodi kwa simu. Mahojiano ya mwanzo mtendaji wa kijiji alikaa nasi, kwa kuwa ndiye aliyenitambulisha.

Sasa shirika linaandaa kikao cha usuluhishi baada ya wiki tatu. Mratibu anataka rekodi zote na maandishi yake, pamoja na majina, ili wajue nani ni nani kabla ya kuwakalisha pamoja. Anasema wao ndio waliolipa. Ndani ya rekodi hizo kuna mtu aliyetaja waliochoma boma mwaka jana. Kuna wanaodai viongozi huchukua fedha ili kuachia ng'ombe waliokamatwa. Na kuna kijana mmoja wa wakulima aliyesema mifugo ikirudi bondeni msimu huu "itatukuta tumejiandaa". Wakati huohuo mzee wa upande wa wafugaji, ambaye bila yeye nisingepokelewa, hunipigia simu kuuliza wale wengine walisema nini.

Nimefikiria kufuta kila kitu na kuwaambia simu imeibwa. Rekodi chache ziko kwa kijana wa steshenari anayenichapia. Nifanye nini?

Mtafiti, Morogoro

*

Ndugu mtafiti,

Jina la wilaya na la shirika tumeyaondoa kwenye barua yako, na baadhi ya mambo tumeyabadilisha kidogo ili usitambulike.

Usikabidhi rekodi wala majina. Usidanganye kuhusu simu pia. Shirika lina haki ya kupata kitu kutoka kwako, kwa sababu liligharamia kazi na linajaribu kuzuia damu isimwagike. Lakini kitu hicho ni uchambuzi wako wa mgogoro. Maneno ya mtu mmojammoja yalitolewa kwa ajili ya utafiti wa chuo, na hayageuki kuwa nyenzo za usuluhishi mpaka mwenyewe aulizwe upya na akubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasimama hapohapo: taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja haitumiki kwa lengo jingine hivihivi. Kabila la mtu na makosa ya jinai anayohusishwa nayo ni taarifa nyeti chini ya sheria hiyo, na rekodi zako zimejaa vyote viwili. Mratibu akisema "sisi ndio tuliolipa", jibu ni kwamba alilipia ripoti.

Kabla ya kuzungumza na mratibu, nenda steshenari leo. Hapo siri za utafiti zinaweza kuvuja kwa urahisi. Kompyuta ya steshenari hutumiwa na kila mtu, faili huachwa kwenye skrini ya mbele, na flashi yako ikichomekwa mara moja nakala inaweza kubaki. Simamia mwenyewe faili zikifutwa, kisha kapu la takataka la kompyuta limwagwe. Kama ulimtumia kwa WhatsApp, fungua folda ya sauti kwenye simu yake na WhatsApp ya kompyuta pia, maana kufuta ujumbe kwenye simu yako hakuondoi faili aliyokwisha kuipakua. Mlipe ujira wake wote na usimweleze kwa nini. Kuanzia sasa chapa mwenyewe. Saa moja ya mazungumzo huchukua saa tano hadi nane kuiandika neno kwa neno, lakini huhitaji kuandika zote hivyo: sikiliza yote, andika muhtasari, na neno kwa neno uandike tu vipande utakavyovinukuu kwenye tasnifu. Usitumie huduma za intaneti zinazogeuza sauti kuwa maandishi kwa kuipandisha kwenye seva ya mtu usiyemjua.

Kwenye simu yako, zima hifadhi ya moja kwa moja ya Google Drive na ya WhatsApp, kisha angalia kilichokwisha kupanda. Kilichofutwa Drive hukaa kwenye takataka siku 30 usipokimwaga mwenyewe. Rekodi zisikae kwenye kadi ya kumbukumbu inayochomoka, kwa sababu kwa kawaida kadi hiyo husomeka kwenye simu yoyote hata kama yako ina namba ya siri. Zihamishie kwenye kompyuta, ndani ya folda iliyofungwa kwa programu ya usimbaji kama VeraCrypt, na nakala ya pili iliyofungwa vilevile akae nayo msimamizi wako chuoni. Orodha inayounganisha majina na namba za washiriki iandike kwenye karatasi moja tu, uifungie mahali tofauti na kompyuta. Picha ulizopiga kijijini nazo zikague: simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na picha ya boma ikiwa na alama hiyo ni ramani ya kumfikia mwenye boma.

Sasa yule kijana. Hili ni zito kuliko ombi la mratibu na haliwezi kungoja wiki tatu. Sikiliza tena kipande hicho peke yako ukitafuta mambo manne: ametaja watu au kundi linalolengwa? Ametaja mahali? Ametaja wakati? Kuna dalili ya uwezo, yaani silaha, fedha iliyochangwa, au watu waliokwisha kupangwa? "Itatukuta tumejiandaa" peke yake ni maneno yanayosikika bondeni kila Juni, mpunga wa mwisho ukiwa bado shambani na mifugo imeanza kushuka kufuata maji na mabua. Lakini kama aliongeza kivuko fulani, juma fulani na vijana waliopewa zamu, huo ni mpango. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro wa aina hiihii. Hakuna ahadi ya utafiti inayokuruhusu kukaa kimya mbele ya hatari kama hiyo.

Ukiona ni mpango, mpigie msimamizi wako siku hiyohiyo, kisha nendeni pamoja kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, naye ni mlango mwingine. Usipeleke habari hiyo kwa kiongozi wa kijiji ambaye ana shamba au mifugo ndani ya mgogoro, maana atawaonya wa upande wake na utakuwa umeharakisha ulichotaka kukizuia. Peleka mahali, wakati na aina ya hatari. Mtoa habari usimtaje, na ukiulizwa ni nani sema wazi kwamba ni mshiriki wa utafiti na unaomba ushauri wa wakili kabla ya kujibu. Ukiona ni hasira tu, bado iingie kwenye uchambuzi kama dalili ya jumla: vijana wa wakulima wanatarajia mapambano mwanzoni mwa kiangazi, na kikao kikichelewa kupita hapo kitakuwa kimechelewa kweli.

Kuhusu waliochoma boma, tuwe wakweli kuhusu ahadi uliyotoa. "Hakuna mtu yeyote atakayejua" ni ahadi ambayo mtafiti hana uwezo wa kuitimiza. Hapa kwetu mtafiti hana kinga aliyo nayo wakili kwa siri za mteja wake; mahakama ikiamuru, rekodi zinatolewa. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka kila anayejua kosa limetendwa au linakusudiwa kutendwa atoe taarifa kwa polisi au kwa mwenye mamlaka wa eneo hilo. Namna kifungu hicho kinavyokugusa wewe, uliyesikia kwa mtu ambaye huenda naye alisikia kwa wengine, ni swali la wakili. Muulize wiki hii, kupitia ofisi ya sheria ya chuo au kituo cha msaada wa kisheria, na umpelekee swali bila majina.

Watu wenye uzoefu na fedha nyingi kuliko wewe wamenasa kwenye mtego huo. Kuanzia mwaka 2001, Chuo cha Boston nchini Marekani kiligharamia mahojiano na waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili za mgogoro wa Ireland Kaskazini, kwa ahadi kwamba kanda hazitatolewa mpaka mhusika afariki. Mwaka 2011 serikali ya Marekani, kwa ombi la Uingereza, ilizidai kanda hizo mahakamani, na mwaka 2013 baadhi yake zikakabidhiwa kwa polisi waliokuwa wakichunguza mauaji ya mwaka 1972. Wahojiwa waliokuwa hai wakajikuta hatarini mbele ya sheria na mbele ya majirani zao. Ahadi ilipita mipaka ya sheria, na hakuna aliyewaambia hivyo kabla hawajafungua midomo.

Kwa hiyo wazo la kufuta lina muda wake. Kufuta sauti kwa ratiba iliyoandikwa kwenye pendekezo lako la utafiti, kwa mfano baada ya kuchapa na kuhakiki, ni utaratibu mzuri na unakubalika. Kufuta baada ya polisi au mahakama kuanza kuuliza ni kuharibu ushahidi, nalo ni kosa. Uko katikati: umeshajua kuna jambo la jinai ndani, lakini hakuna aliyekuuliza. Usiguse kipande hicho mpaka wakili akujibu. Rekodi nyingine zifuate ratiba. Kama pendekezo lako halina ratiba, iandike sasa, ipitishwe na msimamizi na kamati ya maadili, ndipo uitumie.

Tuje kwenye kazi unayodaiwa na mratibu. Mwandikie waraka wa kurasa nne au tano uliopangwa kwa hoja, si kwa watu. Kwa kila hoja eleza kinacholalamikiwa, kinavyotokea hatua kwa hatua, kinaumiza nani kila upande, na kitu ambacho pande zote zimesema zingekikubali. Hoja iingie tu kama imesemwa na watu kadhaa wasiotoka nyumba moja, na ikiwezekana wa pande zote mbili. Kwa mfano, kwenye rekodi mtu anasema: "Fulani alipokea laki mbili ndipo ng'ombe wangu wakaachiwa." Kwenye waraka inakuwa hivi: "Mifugo inayokamatwa shambani huachiwa kwa malipo yasiyo na stakabadhi. Wafugaji wanaona wanaporwa, wakulima wanaona fidia haiwafikii. Pande zote zimetaja kwamba afisa ugani apime hasara siku hiyohiyo, kiwango kiandikwe, na stakabadhi itolewe mbele ya shahidi wa kila upande." Msuluhishi akiwa na hilo mkononi ana kazi ya kufanya. Akiwa na jina la aliyemshtaki kiongozi, ana bomu.

Hoja nyingine zitatoka kwenye rekodi zako zenyewe, ila tungeshangaa kama hizi hazimo: mapito ya mifugo yaliyolimwa, mabwawa na malambo yaliyokauka au kujaa tope, mpaka wa kijiji usioeleweka, na mpango wa matumizi ya ardhi ulioandaliwa bila wafugaji kuwemo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa kila hoja andika pia ni nani mwenye mamlaka ya kuitatua. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Haliwezi kubadili mpango wa matumizi ya ardhi. Vikao vingi hufa kwa sababu watu wanakubaliana jambo ambalo hakuna aliyekaa pale mwenye uwezo wa kulitekeleza.

Kuficha majina katika kijiji kidogo ni kugumu kuliko vitabu vya mbinu za utafiti vinavyosema. "Mwanamke mfugaji mwenye mashine ya kusaga" ni jina kamili. Toa kitongoji, toa tarehe ya mahojiano, unganisha umri kuwa makundi mapana. Usiwape washiriki namba kwa mpangilio uliowahoji, maana mtendaji anajua ulianza kwa nani ukamalizia kwa nani, changanya namba. Jihadhari na misemo: kuna wazee ambao methali zao zinajulikana kata nzima. Kipimo chetu ni hiki: balozi wa mtaa akisoma sentensi, je, anaweza kutaja mtu mmoja? Akiweza, sentensi hiyo haitoki. Tunapendelea maelezo yanayowafaa watu watano au zaidi, na yasipofikia hapo tunayapandisha kuwa ya jumla zaidi. Usimpe mtu wa kijijini akukagulie, kwa sababu ukaguzi wenyewe utakuwa umemwonyesha.

Mratibu ana swali moja la haki: anahitaji kujua nani wa kumkalisha kwenye kikao. Hilo lijibu kwa njia ya ridhaa mpya. Chagua watu sita hadi kumi ambao kwa mtazamo wako wanasikilizwa upande wao, wakiwemo wanawake na vijana. Rudi kwao mmojammoja, bila mtendaji na bila gari lenye nembo ya shirika, uwaambie kwa maneno mepesi: "Yale tuliyozungumza yalikuwa ya chuo na yanabaki huko. Shirika fulani linaandaa kikao tarehe fulani. Naomba ruhusa nilipe jina lako na namba yako tu, likuite. Ukikataa, hakuna kitakachobadilika kati yetu, na shirika halitajua kuwa nilikuuliza." Mpe siku mbili za kufikiri. Anayejibu papo hapo mbele yako mara nyingi anakubali kwa heshima tu. Andika tarehe na jibu. Wanaokubali wapeleke, wanaokataa usiwataje hata kwa fumbo.

Tumia safari hiyohiyo kurekebisha ahadi. Kila unayemfikia mwambie kwamba jina lake halitaandikwa kwenye tasnifu wala kwenye waraka na sauti yake itafutwa, lakini kwamba mahakama ikiamuru huna nguvu ya kukataa, na ukisikia mpango wa kuua au kuchoma utausema. Mwambie pia anaweza kuondoa mahojiano yake kabla hujawasilisha tasnifu, umpe tarehe ya mwisho. Baadhi wataondoka, na utafiti wako utapungua. Kubali hasara hiyo. Mahojiano aliyokaa mtendaji yatie alama yake: yatumie kwa mambo ya ratiba, mipaka na idadi, ila usiyatumie kama ushahidi wa mtu anavyouona uongozi wa kijiji, kwa sababu hakuna aliyekuwa huru kusema. Unaweza kuwahoji upya wenye nia. Mtendaji mwenyewe mwendee kwa heshima, umshukuru kwa kukutambulisha, umwonyeshe barua ya kibali iliyopita kwa katibu tawala wa mkoa na wa wilaya, umweleze kwamba taratibu za chuo zinataka mazungumzo ya watu wawili. Wengi huelewa likitajwa kama sharti la chuo, si kama shaka juu yao.

Mzee wako anastahili jibu, na kumkwepa simu kutamfanya aamini umehamia upande wa pili. Mfuate nyumbani, usimjibu kwenye simu ambayo huenda imewekwa sauti ya juu mbele ya watu. Baada ya shikamoo na habari za mifugo, mwambie: "Mzee, wale nao huniuliza wewe ulisema nini, nami huwajibu hivihivi ninavyokujibu sasa. Siku nikikuambia ya kwao, ujue ya kwako nimeshawaambia." Kisha mpe kitu halali: ahadi kwamba matokeo ya jumla yatasomwa kwa kila upande peke yake, kwa Kiswahili, kabla ya kikao. Itimize. Anza na wakulima au wafugaji kwa kura, somea pande zote karatasi ileile neno kwa neno, na fanya hivyo siku moja ikiwezekana, asubuhi huku na alasiri kule. Ukipitisha usiku katikati, asubuhi utakuta tetesi zimekutangulia.

Kwenye kikao chenyewe usikae kama msuluhishi, mkalimani wala mwandishi wa kumbukumbu. Watu waliokueleza siri zao watakuwa wanasoma uso wako kila mtu mwingine akizungumza, na mmoja akikuona umetikisa kichwa atajua unajua. Wasilisha hoja mwanzoni, kisha toka nje, ubaki karibu kama mtaalamu anayeweza kuitwa kufafanua.

Mratibu akikataa yote haya, mwandikie barua pepe fupi ukimnakilisha msimamizi: kwamba mahojiano yalifanywa kwa kibali na ridhaa ya chuo, kwamba washiriki hawakuridhia yatolewe kwa mtu wa tatu, kwamba unawasilisha waraka wa hoja tarehe fulani na majina ya walioridhia kuitwa. Usitaje yaliyomo kwenye rekodi, hata kama mfano. Akitishia kukata malipo, suala hilo likae mezani kwa msimamizi na chuo, na wewe uwe tayari kurudisha fedha ya safari ambazo hazijafanyika. Mashirika mengi ya usuluhishi yenye uzoefu yataelewa haraka, maana wao wenyewe hawangependa siku moja chuo kidai kumbukumbu za vikao vyao vya faragha.

Mkataba ujao, hata uwe wa ukurasa mmoja, uwe na sentensi tatu: sauti na majina ni mali ya utafiti na hayakabidhiwi, shirika litapewa uchambuzi wa hoja kufikia tarehe hii, ukisikia hatari ya karibu kwa maisha ya watu utatoa taarifa kwa mamlaka na kuliarifu shirika kwamba umefanya hivyo. Isainiwe kabla hujapanda basi.

Washauri